Meli Zilizopakiwa Vibaya

Mtu wa kwanza kunieleza vizuri kwa nini Waingereza walishindwa Tanga alikuwa hajawahi kukanyaga Tanga. Alikuwa Mmarekani mweusi mwenye mvi kichwa kizima, mkuu wa stoo ya hospitali moja huko Gaithersburg, na alinieleza tukiwa tumesimama kati ya rafu mbili za glavu na dripu, mimi nikiwa na wiki moja tu kazini.

Mwaka ulikuwa 2002. Nilikuwa nimekuja Marekani miaka miwili kabla, nikaanza kwa kuogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mpaka mgongo ukakataa. Dada mmoja wa Kenya niliyekuwa naishi naye Silver Spring ndiye aliyesikia kwamba hospitali inatafuta mtu wa stoo. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea mizigo asubuhi, kuifungua, kuipanga kwenye rafu, na kusukuma toroli mpaka wodini kupeleka vilivyoagizwa. Nilidhani ni kazi ya mikono na miguu, basi.

Siku ya kwanza yule mkuu alisoma fomu yangu, akaweka kalamu mezani, akaniambia kwa Kiswahili, "Shikamoo."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Sikujua niipokee vipi. "Mzee, mimi ndiye ninayepaswa kukuamkia," nikamwambia.

"Basi niamkie."

"Shikamoo."

"Marahaba." Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja chai kama ina sukari ya kutosha. Akaniambia alijifunza miaka ya sabini, katika darasa la jioni mjini Washington, darasa la watu weusi waliotaka kuwa na lugha moja ya Afrika mdomoni mwao. Wenzake wengi waliishia kwenye salamu. Yeye aliendelea kwa kamusi na kanda za kaseti. Ngeli zilikuwa zinampiga chenga, lakini hakuwa anaona haya kukosea, na hilo lilinifanya nimpende mapema.

Akarudi kwenye fomu. "Hapa pameandikwa umezaliwa Tanga. Tanga yenyewe?"

"Ngamiani, mzee. Mjini kabisa."

"Kutoka Ngamiani mpaka Ras Kasone, mtu anatembea muda gani?"

Wamarekani walikuwa wameshaniuliza kuhusu simba, kuhusu njaa, kuhusu kama tuna simu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mwendo wa kutoka kwetu hadi pwani. Nikamjibu ni kama dakika arobaini, ukiwa na haraka.

"Na akiwa na mzigo?"

Nikasema sijawahi kwenda Ras Kasone na mzigo. Akaandika kitu kwenye karatasi, akanipeleka kunionyesha rafu.

Ilichukua wiki nzima kabla sijaelewa. Kumbe kwa miaka mingi yule mzee alikuwa akisoma habari za vita vya Tanga vya mwaka 1914. Alikuwa mwanajeshi ujanani, upande wa ugavi, yaani watu wanaohakikisha chakula, maji, risasi na viatu vinamfikia askari. Alipokuwa akifundisha vijana kazi hiyo jeshini alitafuta mfano wa uvamizi ulioharibika kabla hata risasi ya kwanza haijalia, akaupata Tanga.

Sisi watoto wa Tanga habari hiyo tumeinywa na maziwa. Waingereza walikuja na meli, wakashuka, nyuki wakatoka mizingani, wakawafukuza mpaka baharini. Ndivyo tulivyosimuliwa, na nilimsimulia hivyo kwa fahari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyuki walikuwepo, ni kweli. Waliuma pande zote mbili. Lakini waliwakuta watu ambao wameshashindwa tayari."

"Walishindwa lini?"

"Bombay. Walipokuwa wanapakia."

Akavuta katoni sita akaziweka sakafuni, akanieleza. Waingereza walikusanya maelfu ya askari kutoka sehemu mbalimbali za India, watu ambao wengi hawakuwahi kufanya mazoezi pamoja, hawakuzungumza lugha moja, wengine walikabidhiwa bunduki za aina mpya wakiwa karibu kuondoka. Wakawasonga ndani ya meli, wakakaa humo majuma kadhaa, kwenye joto, wakitapika, na chakula ambacho matumbo mengine hayakukizoea. Waliopakia meli walijaza shehena kwa jinsi ilivyofika bandarini. Hakuna aliyekaa chini akajiuliza: tukifika, tutahitaji nini kwanza? Kwa hiyo vitu vya saa ya kwanza vikawa chini kabisa, vimelaliwa na vitu vya wiki ya tatu.

"Sasa sikia," akasema, akipanga zile katoni moja juu ya nyingine. "Kitakachotoka kwanza, kinaingia mwisho. Mtoto wa miaka mitano anaelewa. Majenerali hawakuelewa."

Kisha akanieleza mengine, siku baada ya siku, wakati wa chakula cha mchana. Kwamba walipofika mbele ya Tanga hawakushuka. Walituma meli moja bandarini kumwambia ofisa wa Kijerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha, ajisalimishe. Ofisa akasema anakwenda kwanza kuwauliza wakubwa, akaondoka, asirudi. Waingereza wakaanza kuhangaika kama bandari imetegwa mabomu, wakaifagia, hawakukuta kitu. Wakati huo Wajerumani walikuwa na reli inayoshuka kutoka Moshi, na treni zikaanza kuleta askari. Kwamba mwishowe walishuka nje ya mji, kwenye mikoko na tope chini ya genge la mwamba, bila kutuma mtu atangulie kuona njia. Kwamba walikuwa wengi mara kadhaa kuliko waliowangojea, na baada ya siku tatu walirudi melini wakaacha ufukweni bunduki, mizinga midogo, masanduku ya risasi, simu za vita, mablanketi. Kamanda wa Kijerumani alivitumia vitu hivyo kuendelea kupigana.

Niseme ukweli, mwanzoni ilinikera. Nilihisi Mmarekani ameninyang'anya nyuki wangu. Lakini nilipoona jinsi anavyoendesha stoo yake nikaanza kuamini kwamba hakuwa akisimulia hadithi za kupitishia muda.

Toroli ya chumba cha wagonjwa mahututi aliipanga mwenyewe mbele yangu, akaivuruga, akaniambia niipange. Niliweka vitu vikubwa chini na vidogo juu, kama mtu anayepanga kabati. Akaita muuguzi, akamwambia, "Mgonjwa amekata pumzi. Chukua unachotaka." Muuguzi akaanza kupekua. Mzee akatazama saa yake. Nikaipanga upya mara nne siku hiyo, mpaka mkono wa muuguzi ukawa unaenda moja kwa moja. Hakuwahi kunigombeza. Kila mara aliniuliza swali lile lile kwa Kiswahili chake, "Nini inatoka kwanza?" na mimi nikamsahihisha, "Nini kinatoka kwanza," akarudia.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata ilianguka theluji ambayo sikuwa nimewahi kuiona na sijaiona tena. Ilizika magari mpaka vioo. Barabara ya 270 ikafungwa, malori ya mizigo hayakufika. Lakini yeye alikuwa amesikiliza utabiri tangu katikati ya wiki, akapita wodi moja moja akimuuliza kila mkuu wa wauguzi, "Kama lori halitakuja siku tatu, utakosa nini kwanza?" Hakuuliza watakosa nini, aliuliza watakosa nini kwanza. Akaagiza hivyo. Akaomba watu wa kuzoa theluji waanze na njia ya mlango wa mizigo kabla ya maegesho ya wakubwa, na kwa hilo alibishana na mkurugenzi mmoja kwa adabu mpaka akapata. Akatuuliza sote tunakaa wapi. Waliokaa karibu, hata wale wavivu, aliwaweka kwenye orodha ya kuja kwa miguu. Mimi wa Silver Spring aliniambia nije na nguo za siku tatu kabla chembe ya kwanza haijaanguka.

Siku zote zile hakuna wodi iliyokosa kitu. Siku ya tatu, lori la kwanza lilipoonekana linakuja polepole kwenye njia iliyochimbwa, nilimwambia anastahili kupewa zawadi.

"Hakuna aliyegundua kwamba tulikuwepo," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa." Akaenda kufungua mlango.

Wiki chache baadaye Marekani ikaingia Iraki, na televisheni ya chumba cha kulia haikuzimwa. Wenzangu waliangalia vifaru na moshi. Yeye alisimama na kikombe chake akitazama malori ya mafuta nyuma ya vifaru, mistari mirefu jangwani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemwangalia mwanawe akivuka barabara.

Majira ya joto ya 2004 mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nilipomwambia mzee kazini, aliuliza kwa sauti ya kuomba kama anaweza kuja kumwamkia.

Alikuja Jumapili, ameendesha kutoka Temple Hills anakokaa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi ana kikapu cha pichi na ramani iliyokunjwa kwenye bomba la karatasi. Mama alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nazi na viungo tulivipata kwenye duka la Waafrika karibu na stesheni ya treni. Mama alijifunga ushungi vizuri, akaja sebuleni.

"Shikamoo, mama," akasema mzee.

Mama akamtazama mvi zile. "Una miaka mingapi, baba?"

"Sitini na mbili."

"Mimi sitini na tano. Marahaba."

Walikula. Mama alifurahi kuona Mmarekani anakula samaki kwa mkono bila kuogopa miba. Baada ya kunawa, mzee akaitandaza ramani yake mezani, ramani ya zamani ya Tanga yenye rangi ya kahawia, imejaa maandishi yake ya penseli. Akamuuliza mama kuhusu maji. Pale chini ya Ras Kasone, maji yakitoka, tope linafika wapi? Mtu anaweza kukimbia?

"Kukimbia?" Mama akacheka kidogo. "Pale unatoa mguu, kiatu kinabaki. Halafu kuna ngazi ya genge. Ukifika juu umeshachoka, na hujaanza safari."

Aliandika. Akauliza kuhusu mashamba, kuhusu njia ya reli, kuhusu upepo wa mwezi wa kumi na moja. Mama alijibu kama mtu anayeulizwa habari za jikoni kwake. Kisha mama akasema, bila kuulizwa, "Bibi yangu alikuwepo."

Mzee akainua kichwa.

"Bibi mzaa baba. Alikuwa mwari, ameolewa mwaka huo huo, ana mimba changa. Meli ya kwanza ilipoonekana na habari zikaenea kwamba vita vinakuja, watu wakaambiwa watoke mjini. Bibi alikuwa amebandika kunde."

"Kunde," mzee akarudia.

"Kunde. Mumewe akamwambia twende. Akasema siachi chakula. Akachochea moto, kunde zikaiva, akaunga nazi, akapakua, wakala, akaosha chungu, akakifunga kwenye kanga, ndipo wakatoka kwenda Pongwe kwa miguu. Na bado hawakusikia bunduki hata moja mpaka wakafika."

Mzee aliweka penseli chini. Aliniangalia mimi kama vile nilikuwa nimemficha kitu kwa miaka miwili. "Nimesoma taarifa zote," akaniambia. "Zinasema walichelewa. Zina saa na dakika. Hakuna iliyosema kwamba mwanamke alipata nafasi ya kuchemsha kunde na kuosha chungu." Akamgeukia mama. "Mama, huo ndio ugavi. Waliwapa adui muda wa kunde."

Mama akacheka, na yeye akacheka. Lakini mama hakuwa amemaliza.

"Na vile vitu walivyoviacha pwani," akasema, "kwenye ramani yako umeviandika?"

Vilikuwepo, kwenye pembe ya ramani, orodha ndogo nadhifu.

"Nani alivitoa pale?"

Mzee alitazama orodha. "Wajerumani waliviteka."

"Mjerumani hakubeba kitu, baba. Walirudisha watu kutoka Pongwe wakawapeleka ufukweni. Babu yangu alibeba yale masanduku ya risasi, kutoka kwenye tope, juu ya genge, mpaka mjini, siku kadhaa. Alikuwa na mabega mapana. Jeshi lilipoondoka Tanga likamchukua awe mpagazi. Bibi alijifungua baba yangu peke yake. Babu hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema amefia wapi."

Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Nilijua babu wa mama alipotea vitani. Sikujua kwamba alianzia kwenye masanduku yale. Nilimtazama mama, na nikaona kwamba alikuwa anaisema kwa utulivu kwa sababu amekaa nayo maisha yake yote.

Mama akamuuliza kwa upole, "Na wewe, mtu wa hapa, kwa nini unashughulika na Tanga?"

Nilijua jibu lake la kawaida, lile la kufundishia. Hakulitoa. Alimwambia mama kwamba alipokuwa na miaka ishirini na minne alikuwa vitani Asia, na kazi yake ilikuwa kuandika jinsi helikopta zitakavyopakiwa. Kilima kimoja kiliomba maji na waya wa miiba. Alikuwa amechoka, aliandika maji yaingie kwanza kwa sababu ni mazito, waya uwe juu. Helikopta ilipofika ilikuwa inapigwa risasi, haikuweza kutua. Walisukuma nje kilichokuwa juu, wakaondoka. Maji yakarudi kambini. Watu wa kilima kile walikunywa maji ya madimbwi siku mbili, na waliposhushwa wengine walikuwa wamebebwa.

"Hakuna aliyenilaumu," akasema. "Hakuna aliyejua ni kalamu ya nani. Mimi nilijua."

Alilisema kwa Kiswahili. Mama hakumwambia pole haraka haraka kama tulivyozoea. Alimsogezea sahani ya pichi alizokuwa amezikata, akasema, "Kula, baba." Akala.

Vuli ya mwaka huo chama chetu cha Watanzania kilikuwa na utaratibu wa kualika mtu azungumze, na mimi nikamtaja mzee. Tulikodi ukumbi Silver Spring, wakaja watu wengi kuliko tulivyotarajia: Watanzania wa ubalozini na wa vyuoni, Wakenya, familia kadhaa za Wakongo, na Wamarekani weusi watatu waliokuwa darasa moja naye miaka ile ya sabini, ambao sasa walikuwa wanamtazama kama ndugu yao mdogo aliyefaulu mtihani. Mama alikaa mstari wa mbele. Alikuwa amebakiza wiki moja arudi.

Nilijua hotuba yake ya zamani, ile ya katoni sita. Nilikuwa nimemsikia akiitoa kazini mara nyingi. Alianza nayo. Watu walicheka pale pa kucheka. Mzee mmoja wa Tanga, dereva wa teksi mwenye heshima kubwa kwetu, akainuka kutetea nyuki, akasema babu zetu hawakuwa waongo.

"Hawakuwa waongo, kaka," akajibu. "Nyuki walipigana vizuri. Mimi nasema tu kwamba jeshi lililojipanga linaweza kuumwa na nyuki na bado likala chakula cha jioni."

Dereva akatafakari, akakaa. Kijana wa Kikenya akauliza, "Kwa hivyo mzee, hao wasee wa jeshi walikuja bila plan?"

"Walikuwa na mpango wa kushinda. Hawakuwa na mpango wa kushuka melini."

Mama mmoja wa Kikongo akainua mkono. "Papa, umesema chakula, umesema risasi, umesema bateau, ile meli. Watu ya kubeba, je? Kwetu, ni watu ndio wanabebaga."

Mzee akamtazama mama yangu, kisha akakunja karatasi zake akaziweka kando. Akasema kwamba kwa miaka thelathini amekuwa akifundisha habari hii na alikuwa ameikosea. Alikuwa akiisimulia kama makosa ya waliopakia, na hilo ni kweli, lakini kila sanduku lililopakiwa vibaya lilikuja kumwangukia mtu begani, na mtu huyo hakuwa Bombay wala London wala Berlin. Alikuwa Ngamiani. Akasema kuna mjukuu wake humu ndani, amemfundisha mwaka huu jambo ambalo vitabu vyake havikumfundisha, na kwa ruhusa ya mjukuu huyo atawasimulia. Mama akaitikia kwa kichwa. Akawasimulia kunde, kisha masanduku, na hakupamba kitu.

Baadaye watu walimzunguka mama kuliko walivyomzunguka yeye, na yeye akasimama kando na soda yake, ameridhika. Nimewahi kukutana na watu wengi wenye elimu. Sijaona wengi wanaoweza kusimama mbele ya ukumbi wakasema nilikosea, halafu wakala sambusa kwa raha.

Alistaafu mwaka 2005. Mimi nilipewa stoo. Wiki ya kwanza nilitaka kumpigia simu kila saa, nikajizuia, na Ijumaa nikagundua kwamba siku nzima imepita bila wodi hata moja kunipigia. Nilikaa kwenye kiti chake nikaona fahari ya ajabu, fahari ya mtu ambaye hakuna anayemkumbuka.

Mwaka uliofuata alikwenda Tanga na binti yake, akafikia kwa mama. Alikaa siku kumi. Mama alinipigia kunieleza kwamba mgeni ameamka alfajiri maji yakiwa yametoka, ameshuka Ras Kasone na viatu vyake vya ngozi, na amerudi na kimoja. Akaniambia pia kwamba alimpeleka kila mahali palipokuwa na majina ya waliokufa katika vita vile, na jina la babu hawakulikuta mahali popote. Mzee aliuliza babu aliitwa nani, akaliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, akamwomba mama aangalie kama ameliandika sawasawa.

Aliporudi alianza kuandika. Hakuandika kwa Kiingereza. Alisema watu wa Kiingereza wana vitabu vyao tayari kuhusu nani alikosea. Yeye anataka kuandika kwa lugha ya waliobeba. Kwa hiyo miezi mingi, Jumamosi, nilikuwa naendesha mpaka Temple Hills, tunakaa kwenye meza ya jikoni kwake, mimi na kalamu nyekundu. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alitaka kujua kwa nini sanduku ni lile na mpagazi ni yule, na nikimjibu kwamba ndivyo lilivyo, haridhiki. Mkewe alikuwa anapita na chai akitutazama kama watu wawili wanaozozana kuhusu shamba. Sura ya kwanza tuliiandika mara saba. Ilianza na jikoni la Ngamiani na chungu motoni, na meli zilionekana baadaye sana, kwa mbali, jinsi bibi alivyoziona.

Tulipomaliza kurasa arobaini nilimpigia mama nikamsomea yote kwa simu, mchana wa Jumamosi, mzee akiwa amekaa mbele yangu na mikono yake mezani. Ilichukua saa mbili na kadi tatu za simu. Mama hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho nikamwuliza anaonaje.

Nilisikia kiti kikivutwa.

"Mwambie ahsante," akasema. "Mwambie amemweka babu mahali pake. Lakini bibi hakutia chumvi kwenye kunde kabla hazijaiva. Hilo alirekebishe."

Nikamwambia mzee. Akachukua kalamu nyekundu mkononi mwangu, akatafuta ukurasa, akafuta neno chumvi mwenyewe.